Franco au Nico? Mabishano ya Mashabiki na Swali la Nani Mwenye Mitambo

Kwa miaka mingi, katika kumbi za dansi, mabweni ya vyuo na vijiwe vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki, limekuwa likiulizwa swali moja ambalo halijapata jibu. Kati ya Franco Luambo Makiadi na Nicolas Kasanda, maarufu kwa jina la Daktari Nico, nani alikuwa bingwa wa gitaa la solo? Wote wawili ni Wakongo. Wote wawili wamekwisha kufariki, Nico mwaka 1985 na Franco mwaka 1989. Hata hivyo mabishano hayajafa, na baadhi ya wabishi wa leo walizaliwa baada ya misiba hiyo miwili.

Wako makada wanaoyaona mabishano hayo kuwa ni maneno ya watu wasio na kazi. Wako wengine, hasa wanafunzi waliosoma vitabu viwili vitatu, ambao hukata shauri upesi kwamba shabiki ni mtu aliyepumbazwa na matangazo, na kwamba bingwa si bingwa ila ni bidhaa. Makala haya hayaafiki upande wo wote kati ya hizo mbili. Shabiki anapobisha juu ya mpiga gitaa anazungumza juu ya kazi ya mikono ya binadamu, na hilo ni jambo la maana. Lakini kazi hiyo imemfikia kupitia mitambo ambayo ina wenyewe. Asipowatazama hao wenye mitambo, atakuwa anapima vidole vya watu kwa mizani iliyotengenezwa na mtu mwingine.

Tuanze na vidole vyenyewe, maana mchambuzi asiyejua kusikiliza hana haki ya kuchambua muziki. Tofauti ya wapigaji hawa wawili ni ya kweli, wala haikubuniwa na tajiri ye yote. Franco na bendi yake ya OK Jazz, iliyoundwa Léopoldville mwaka 1956, walijenga mtindo unaoitwa Odemba. Ni mtindo mzito, wa kurudia. Franco alikwanyua nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada, mara nyingi nyuzi mbili kwa pamoja, akashika kifungu kifupi cha sauti na kukirudia, na kukirudia tena, mpaka mchezaji akasahau kwamba amechoka. Nico alitoka katika shule nyingine, ile ya African Jazz ya Joseph Kabasele na baadaye African Fiesta. Yeye alitafuta ulaini na mtiririko. Sauti zake zilishuka moja moja, safi, na alipenda pia gitaa la Kihawai lenye sauti ya kuteleza. Kwa kifupi, Franco alikuwa bwana wa sakafu ya ukumbi, na Nico bwana wa sikio lililotulia. Mwandishi wa makala haya, kama ni lazima aseme, huegemea kwa Nico; lakini hiyo si hoja.

Kuna jambo jingine linalohusu sisi wa upande huu. Wasikilizaji wengi wa Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi au Kampala hawakujua Kilingala. Maneno ya nyimbo yaliwapita, lakini gitaa halikuhitaji mkalimani. Ndiyo sababu, kwa maoni yetu, ubishi juu ya gitaa umekuwa mkali huku kwetu, ambapo Mkongo mwenyewe aliweza pia kubishana juu ya utunzi, methali na mafumbo ya Franco.

Sasa tutazame mitambo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Léopoldville ilikuwa mji unaokua haraka, wenye wafanyakazi wenye mishahara midogo lakini ya fedha taslimu. Wafanyabiashara wa kigeni waliliona soko hilo. Mwaka 1948 Mgiriki Nicolas Jéronimidis alianzisha studio ya Ngoma, na ndiyo iliyotoa wimbo wa Wendo Kolosoy na mpiga gitaa Henri Bowane uitwao "Marie-Louise". Ikafuata Opika ya akina Benatar, kisha mwaka 1950 Loningisa ya Mgiriki mwingine, Basile Papadimitriou. Huyu Papadimitriou alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Msomaji asilipite jambo hili haraka. Kwa mwenye duka, santuri ilikuwa bidhaa kama kitenge: kilichouzika kiliagizwa tena, kisichouzika kiliachwa. Mwaka 1953 ikaja studio ya CEFA, ambako Mbelgiji Bill Alexandre, aliyekuwa mpiga gitaa la jazz, alileta gitaa la umeme.

Gitaa la umeme halikununulika kwa mshahara wa kibarua. Hivyo katika studio nyingi vyombo vilikuwa mali ya mwenye studio, na mpigaji alivikuta pale alipokuja kazini, kama vile mfanyakazi wa kiwanda anavyoikuta mashine. Kwa kawaida alilipwa mkupuo kwa kila wimbo, na haki yake ikaishia hapo. Santuri ikiuzwa nakala mia au nakala elfu, malipo yalikuwa yale yale.

Maisha ya Franco yanaonyesha jambo hili vizuri. Baba yake, mfanyakazi wa reli, alifariki angali mtoto, na mama yake aliuza maandazi sokoni. Gitaa la kwanza la Franco alijiundia mwenyewe kwa vifaa duni, akawa analipiga karibu na meza ya mama yake ili kuvuta wateja. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 15, aliingia Loningisa. Pale alipata vitu viwili kwa pamoja: gitaa la kisasa kutoka kwa mwenye studio, na mkataba wa miaka 10. Mashabiki hulikumbuka gitaa. Sisi tunakumbusha mkataba.

Mitambo haikuamua mapato tu, bali iliamua hata umbo la muziki. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ilichukua muziki wa dakika tatu hivi kila upande. Lakini katika ukumbi wa dansi sehemu iliyopendwa zaidi ilikuwa sebene, pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa yakaachiwa uwanja, na sebene haina saa. Studio iliikata. Sifa za wapiga gitaa wa miaka ya 1950 zikajengwa juu ya utangulizi mfupi na kipande cha katikati, si juu ya yale waliyoyafanya usiku kucha mbele ya watu. Baadaye zikaja santuri kubwa. "Mario" ya Franco, iliyotoka mwaka 1985, inapita dakika 10, na sebene yake ina nafasi ya kupumua. Kwa hiyo kijana anayeuweka wimbo wa Nico wa mwaka 1961 kando ya wimbo wa Franco wa mwaka 1985, kisha akatoa hukumu, hapimi watu wawili. Anapima teknolojia mbili zilizotenganishwa na miaka zaidi ya 20.

Vipi kuhusu wale ambao hawakuingia studio kabisa? Mfano mzuri ni wa mtu aliyeingia kwa bahati. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki kutoka Afrika Kusini, alimkuta mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, kijana aitwaye Mwenda Jean Bosco akipiga gitaa kavu. Alimrekodi, na wimbo wake "Masanga" ukauzwa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Mwenda aliimba mara nyingi kwa Kiswahili cha Katanga, na upigaji wake wa vidole ulifundisha kizazi kizima cha wapiga gitaa, Kenya ikiwemo, alikofika mwenyewe na kusikika redioni. Mwaka 1969 alialikwa Marekani kwenye tamasha la Newport. Hakuna anayekana ustadi wake. Lakini Katanga ya siku zile ilikuwa nchi ya migodi, yenye makambi yaliyojaa vijana kutoka kila upande na magitaa ya bei nafuu. Ni vigumu kuamini kwamba fundi alikuwa mmoja tu, naye akawa ndiye aliyesimama mtaani siku mashine ilipopita. Orodha yo yote ya mabingwa inaanza na watu waliokutana na mashine.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki hulipokea bila kuliuliza, nalo ni gitaa la solo lenyewe. Mbona hakuna anayebishana juu ya bingwa wa gitaa la ridhimu? Muziki wa Kongo ni kazi ya magitaa yanayosemezana: ridhimu inaweka msingi, gitaa la kati linajibu, besi inashika ardhi, na solo inapanda juu ya migongo yao. Nyuma ya Nico alikuwepo kaka yake, Charles Mwamba, aitwaye Déchaud, na wajuzi wanakubali kwamba ulaini wa Nico hauelezeki bila ridhimu ya kaka yake. Nyuma ya Franco, kwa miaka zaidi ya 25, alikuwepo Simaro Lutumba, mpiga ridhimu na mtunzi mkubwa, aliyefariki mwaka 2019. Biashara hupenda jina moja. Jina moja linaandikika kwa herufi kubwa kwenye jalada, linatangazika, na ni rahisi kufunga mkataba na mtu mmoja kuliko na watu wanane. Kazi ya ushirika ikavishwa sura ya mtu binafsi, na sisi wasikilizaji tukajifunza kusikia kidole kimoja katika kazi ya mikono mingi.

Tuje sasa kwenye sehemu iliyo ngumu zaidi kinadharia. Ingekuwa rahisi kumaliza hapa kwa kusema kwamba tatizo lilikuwa wageni: Mgiriki na Mbelgiji walimiliki, Mwafrika akapiga. Historia haikuwa rahisi hivyo.

Mwaka 1960, mwaka wa uhuru, Kabasele alikwenda Brussels na African Jazz wakati wa Mkutano wa Meza ya Duara, na huko ukazaliwa wimbo "Indépendance Cha Cha", Nico akiwa kwenye gitaa. Mwaka huo huo Kabasele alianzisha nembo yake mwenyewe, Surboum African Jazz, kwa makubaliano na kampuni ya Fonior ya Ubelgiji. Hii ilikuwa hatua ya kweli mbele. Lakini nembo ni jina lililobandikwa kwenye santuri, na mtambo wa kuitengeneza ulibaki mikononi mwa wengine. Bendi nazo zikaanza kugawanyika. Mwaka 1963 Nico na mwimbaji Tabu Ley Rochereau walimwacha Kabasele wakaunda African Fiesta, na mwaka 1965 wakaachana wao kwa wao, Nico akabaki na African Fiesta Sukisa. Shabiki hueleza mifarakano hii kwa wivu na majivuno ya watu wakubwa. Wivu ulikuwepo bila shaka. Lakini palipo na nembo moja, jina moja na hesabu zinazoshikwa na mtu mmoja, wivu hupata chakula kila siku.

Kisha tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba mengi ya wageni yatatwaliwa na kupewa raia wa Zaire. Huo ndio mpango ulioitwa kuzairisha. Katika mgao huo Franco alipata MAZADIS, kiwanda cha kufyatua santuri kilichokuwa cha wageni. Mtoto wa muuza maandazi, aliyeanza na gitaa la kujiundia, sasa alimiliki kiwanda. Wapo waliosema: mfanyakazi amechukua njia za uzalishaji mali. Je, ni kweli?

Hapa kada anapaswa kutofautisha mambo mawili ambayo kwa mbali hufanana. Kutaifisha ni kuiondoa mali kwa mtu binafsi na kuiweka chini ya umma, kama Tanzania ilivyofanya kwa mabenki mwaka 1967. Kuzairisha kulikuwa ni kuiondoa mali kwa mtu binafsi mgeni na kumpa mtu binafsi mwenyeji, mara nyingi aliye karibu na wakubwa. Mahusiano ya kazi hayakuguswa. Mwanamuziki wa bendi nyingine aliyetaka santuri yake itoke alijikuta anategemea kiwanda ambacho mwenyewe ni mshindani wake, na ambaye pia aliongoza chama cha wanamuziki. Ndani ya bendi yenyewe ya OK Jazz, magitaa yalikuwa ya Franco na wapigaji walikuwa waajiriwa. Aliyehama alihama na vidole vyake tu. Verckys Kiamuanga, mpiga saksafoni aliyetoka kwa Franco mwaka 1969, alifanya vivyo hivyo kwa upande wake: alinunua vyombo, akawapa makundi ya vijana, na makundi hayo yakafanya kazi chini ya nembo yake. Yule Mgiriki alikuwa ameondoka, lakini desturi ya dukani kwake ilibaki.

Hatusemi haya kumchafua Franco. Alikuwa fundi mkubwa, na vijana wengi walipata kazi kwake. Ukaribu na watawala nao haukumkinga, kwani mwaka 1978 alifungwa kwa nyimbo zilizohukumiwa kuwa chafu, ingawa mwaka 1984 alimwimbia Mobutu katika kampeni. Tunasema tu kwamba nafasi aliyowekwa ilikuwa na kanuni zake, na kanuni hizo hazikujali kama aliyekaa pale anajua kupiga gitaa.

Mambo ya uchumi yakaja kumalizia. Bei ya shaba iliporomoka mwaka 1974 na 1975, fedha za kigeni zikakauka, na mwaka 1976 serikali ilikuwa inarudisha sehemu ya mali kwa wenye mali wa zamani. Wanamuziki wakatawanyika kwenda Abidjan, Lomé, Nairobi, Brussels na Paris. Katika miaka hiyo hiyo Nico alinyamaza, akarudi kurekodi mara chache tu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Franco, mwenye bendi kubwa na nembo zake hadi Ulaya, aliendelea kutoa santuri karibu kila mwaka mpaka alipougua. Basi mashabiki wanapouliza nani mkubwa, upande mmoja una kazi iliyotolewa mfululizo kwa zaidi ya miaka 30, na upande mwingine una miaka michache zaidi na ukimya. Wingi huo wa santuri unaosikika hata leo ni ushahidi juu ya Franco mpigaji, na pia ushahidi juu ya Franco mwenye mali. Kuvitenganisha viwili hivyo ni kazi ngumu, na mwenye kubisha bila kujaribu anabisha bure.

Tusidhani kwamba hayo ni ya Kongo peke yake. Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa na mwimbaji wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alikwenda hadi Osaka, Japani, mwaka 1970 na bendi yake. Lakini Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Santuri zake zilitolewa Kenya, na alifia Kenya katika ajali ya gari mwaka 1979. Hata zile santuri za kumkumbuka, zilizoitwa "Ukumbusho", zilitolewa na kampuni yenye makao Nairobi. Kwa upande mwingine, bendi nyingi za Dar es Salaam zilirekodiwa na Radio Tanzania kwenye mikanda. Mikanda hiyo ilisikika nchi nzima, lakini haikuwa bidhaa dukani. Ndiyo maana wapiga gitaa ambao kila Mtanzania aliwajua kwa sauti katika miaka ya 1970 hawakuwa na hata santuri chache nje ya nchi. Walikosa kiwanda, si ustadi.

Hata hivyo palikuwa na jambo lililofanyika Tanzania ambalo Kinshasa halikuwepo kwa namna ile. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana. Mpiga gitaa alikuwa na mshahara wa mwezi hata ukumbi ukikosa watu. Tusilipambe: vyombo vilikuwa vya mwajiri hapo nako, na mtu mwenye fedha alipokuja na magitaa mapya wapigaji walihama. Mwaka 1985 Muhiddin Maalim na mpiga gitaa Abel Baltazar waliiacha Mlimani Park kwenda Orchestra Safari Sound, bendi ya mfanyabiashara. Njia ya tatu ilijaribiwa na Maquis, wanamuziki waliotoka Kongo wakaweka makao Dar es Salaam. Wao walijiundia kampuni yao, OMACO, ili vyombo viwe vya wapigaji wenyewe. Jaribio hilo linastahili kuchunguzwa kwa kina kuliko lilivyochunguzwa mpaka sasa, kwa sababu ndilo lililogusa kiini cha swali.

Shabiki naye si gunia tupu la kujazwa matangazo. Yeye ndiye aliyekataa santuri zilizotangazwa sana, akanakili kaseti za wale wasiotangazwa, akazijaza kumbi za Msondo na Sikinde bila jalada la rangi wala picha kubwa. Wenye maduka ya Léopoldville walilijua hilo, wakawasikiliza wachezaji kabla ya kuagiza. Siku hizi mtambo umehamia kwenye simu, na kampuni tatu za nje, Universal, Sony na Warner, zinashika sehemu kubwa ya muziki unaorekodiwa duniani. Kijana akiandika jina la Franco kwenye simu anapata nyimbo tele. Akitafuta Déchaud peke yake, hupata kidogo sana.

Katika madarasa na matawi, mada hii ikijadiliwa, yafaa mjadala uanzie kwa wazee waliocheza katika kumbi za miaka ya 1960 na 1970. Wengi wao bado wanakumbuka nani alipiga gitaa la pili katika bendi gani, nani alikopeshwa chombo na nani, na alihama kwa sababu gani. Majina hayo hayamo kwenye majalada ya santuri. Yaandikwe sasa, pamoja na mwaka na jina la mwenye vyombo.